Kompyuta Kuukuu Inapogomea Windows Mpya: Dalili, Sababu na Marekebisho

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na tangu hapo kompyuta nyingi za nyumbani, hasa zile zilizonunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika maofisini ng'ambo, zimekuwa zikipelekwa kwa mafundi kwa ombi moja: zipandishwe kwenda Windows 11. Baadhi hupanda bila taabu. Nyingine hukataliwa mlangoni, hukwama katikati, au humaliza safari zikiwa hoi kuliko zilivyoianza. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu zinaanza na ile inayoonekana mara nyingi zaidi. Msimamo wangu nautanguliza mapema: lawama nyingi anazotupiwa mgeni huyu, Windows 11, zinastahili diski, betri na vumbi la miaka mingi, maradhi ambayo kompyuta iliweza kuyaficha kwa sababu haikuwahi kutwishwa mzigo mzito kama wa kubadilishiwa mfumo endeshi wote kwa mkupuo mmoja.

Kabla ya kugusa chochote

Nakili picha, nyaraka na mafaili yako yote kwenye diski ya nje, kisha ichomoe diski hiyo na kuiweka kando. Chaguo la kubakiza mafaili wakati wa kupandisha halihesabiki kuwa nakala, kwa kuwa mafaili hayo yanabaki kwenye diski ileile inayoandikwa upya. Hakikisha pia una umeme wa saa tatu au nne mfululizo. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (kifaa chenye betri kinachoishikilia kwa muda mfupi umeme ukikatika) isipandishwe katika msimu wa mgao, na kompyuta mpakato ambayo betri yake imekufa na inaishi kwa waya tu ihesabiwe kuwa ya mezani.

Ikiwa diski yako imefungwa kwa BitLocker au usimbaji wa kifaa, yaani kufuli za Windows zinazofanya mafaili yasisomeke bila ufunguo, tafuta ufunguo wake wa tarakimu 48 kabla hujaanza. Mara nyingi umehifadhiwa ndani ya akaunti ya Microsoft iliyotumika kuisajili kompyuta, na aliyeinunua mkononi mwa mtu hana budi kuulizia jambo hili mapema, kwa sababu fundi hawezi kuubuni ufunguo huo.

Dalili ya kwanza: kompyuta inaambiwa haikidhi masharti

Windows 11 inataka RAM ya GB 4, diski ya GB 64, TPM 2.0 (sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri ndani ya kompyuta), uwezo wa kuwaka kwa njia mpya ya UEFI yenye Secure Boot (ulinzi unaokagua kinachowashwa), na prosesa ya biti 64 iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel orodha hiyo inaanzia, kwa ujumla, kizazi cha nane, na kwa AMD inaanzia Ryzen za mfululizo wa 2000.

Sababu iliyozoeleka, na iliyo rahisi kuliko zote, ni kwamba TPM ipo lakini imezimwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, ubonyeze Enter. Ukiambiwa kwamba haipatikani, usiikatie tamaa kompyuta hadi uingie kwenye BIOS, mipangilio ya bodi kuu inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, ambayo Dell nyingi huifungua kwa F2, HP kwa F10, na Lenovo kwa F1 au F2. Humo Intel huiita PTT na AMD huiita fTPM. Iwashe, hifadhi mabadiliko, kisha uangalie tena.

Sababu ya pili ni diski iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, huku kompyuta ikiwaka kwa njia ya zamani ingawa UEFI inayo. Andika msinfo32 na usome mstari wa hali ya BIOS. Ikiwa umeandikwa Legacy, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na uandike mbr2gpt /validate /allowFullOS. Amri hii inakagua tu wala haibadilishi kitu. Ikikubali, rudia ukiweka /convert mahali pa /validate ili diski igeuzwe kuwa ya mtindo mpya wa GPT, kisha uende kwenye BIOS ukabadilishe njia ya kuwakia kuwa UEFI. Anayesahau hatua hii ya mwisho hukutana na skrini nyeusi isemayo hakuna diski ya kuwashia, akadhani ameiua kompyuta, kumbe amebakiza kubonyeza mara mbili. Ikiwa diski ina sehemu kuu zaidi ya tatu, amri itakataa. Hapo usianze kufuta sehemu kwa kubahatisha, kwani mojawapo huenda ndiyo inayobeba mafaili yako.

Sababu ya tatu ni prosesa yenyewe, na hii haina dawa. Zipo mbinu za kuuruka ukaguzi, na programu ya Rufus inaweza kuandaa flashi isiyouliza habari za TPM. Lakini tangu toleo la 24H2 Windows 11 inadai maagizo ya prosesa yaitwayo POPCNT na SSE4.2, ambayo Core 2 Duo haina, kwa hiyo kompyuta za kundi hilo haziwezi kuiwasha kwa mbinu yoyote. Zilizo katikati, mathalani Core i5 za kizazi cha tatu au cha nne, zitakubali kwa kulazimishwa, ila Microsoft haiahidi kuzipatia masasisho. Binafsi sipendekezi kulazimisha kompyuta ambayo mwenyewe anafanyia miamala ya benki.

Kompyuta za aina hiyo zina njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kujiandikisha kwenye mpango wa Microsoft wa masasisho ya ziada ya usalama ya Windows 10 toleo la 22H2, unaofika tarehe 13 Oktoba 2026. Unalipiwa dola 30, au unapatikana bila malipo kwa kusawazisha mipangilio ya kompyuta na akaunti ya Microsoft. Ya pili ni kuhamia Linux Mint, ambayo inakwenda vizuri kwenye RAM ya GB 4 na inaweza kujaribiwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi kabla ya kufuta chochote.

Nadra kidogo siku hizi, lakini bado wapo, ni wenye Windows ya biti 32. Hawa hawawezi kupanda juu kwa juu kwenda biti 64. Ni lazima kufomati na kupiga Windows upya, kama mafundi wanavyosema.

Dalili ya pili: upakuaji hauanzi, au unakatikia njiani

Angalia saa ya kompyuta kabla ya kuulaumu mtandao. Betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye bodi kuu, yenye maandishi CR2032, ikiisha nguvu, kompyuta husahau tarehe kila inapochomolewa kwenye umeme. Tovuti salama hutambuana kwa vyeti vyenye tarehe, kwa hiyo kompyuta inayodhani iko mwaka 2012 itakataa vyeti vyote vya leo, na sasisho litashindwa likitoa namba za makosa zisizotaja saa hata kidogo. Betri hiyo inauzwa hata kwenye maduka ya saa. Kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa, betri mpya inawekwa upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu, kisha unaingia BIOS kurekebisha tarehe na kuhakikisha mipangilio ya kuwakia haijarudi ilivyokuwa ikitoka kiwandani. Kwenye kompyuta mpakato nyingi betri hii iko chini ya kibodi au imefungwa kwa waya mwembamba, mwachie fundi.

Inayofuata ni nafasi. Kosa 0x80070070 lina maana moja tu: diski C imejaa. Acha GB 25 hadi 30 wazi. Chombo cha Usafishaji wa Diski, kikiendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi, kinaweza kuondoa mabaki ya masasisho yaliyopita, na folda ya vipakuliwa huwa na maajabu yake.

Mwisho ni bando. Faili kamili la usakinishaji linazidi GB 5, na upakuaji ukikatika mara kwa mara kwa sababu ya bando dogo utakula data kuliko kawaida. Ni afadhali kupakua faili zima mara moja mahali penye mtandao wa kuaminika, ulihifadhi kwenye flashi, na kupandishia hapo.

Dalili ya tatu: inafika asilimia fulani, inarudi nyuma

Hii ndiyo dalili inayochosha kuliko zote. Unasubiri saa mbili, kompyuta inajiwasha upya, kisha inaandika kwamba inarejesha toleo lako la zamani. Namba inayokuja mara nyingi huanza na 0xC1900101, na chimbuko lake kwa kawaida ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa fulani, lakini usianze na draiva, kwa kuwa yapo mepesi zaidi ya kujaribu kwanza.

Anza kwa kuchomoa kila kisichohitajika: printa, modemu, flashi, kamera, diski za nje, kisoma kadi. Bakiza kipanya, kibodi na kioo. Ondoa kabisa antivairasi isiyo ya Windows, kwa maana kuizima tu hakutoshi. Kama Windows iliyopo iliamshwa kwa programu ya kukreki, iondoe nayo, kwani programu hizo huchezea huduma za ndani ambazo usakinishaji unazitegemea, na nyingi huja na wageni wengine ambao hukuwaalika. Kisha jaribu tena.

Ikishindikana, endesha amri mbili kwenye dirisha la msimamizi, kwa mpangilio huu: DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimalizika sfc /scannow. Ya kwanza inatengeneza ghala la mafaili ya Windows, ya pili inatoa humo mafaili mazima kufidia yaliyoharibika. Ukizigeuza, ya pili itachota kwenye ghala bovu.

Ndipo uje kwenye draiva. Pakua draiva za kioo, sauti na mtandao kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta, si kutoka kwenye programu zinazodai kusasisha draiva zote kwa kubonyeza mara moja. Anayeweza kusoma maandishi ya kiufundi atafute faili setuperr.log katika folda iliyofichwa C:\$WINDOWS.~BT\Sources\Panther, mistari ya mwisho mara nyingi hulitaja jina la draiva iliyokwamisha.

Asilimia zinakwambia jambo. Kompyuta ikirudi nyuma kila mara pale pale, shuku draiva au programu. Ikirudi leo kwenye 27, kesho kwenye 61, keshokutwa ikazimika kabisa kwenye 40, shuku chuma: diski, RAM, joto au umeme.

Nakumbuka kompyuta ya mezani ya jirani yangu, mwalimu mstaafu, iliyokuwa imeshafeli mara tatu kabla sijaitwa. "Shikamoo, mwalimu. Imekwamia wapi safari hii?" "Marahaba, mwanangu. Jana hamsini na mbili, leo kumi na tisa. Hii Windows ina kichaa." Nilisoma hali ya diski kwa programu ya CrystalDiskInfo. Mistari ya 05 na C5, inayohesabu maeneo yaliyokufa na yanayotiliwa mashaka, ilikuwa sifuri. Diski ilikuwa nzima. Lakini mstari wa C7, unaohesabu data inayoharibika ikiwa njiani, ulikuwa na tarakimu kubwa, na ulikuwa ukiongezeka tukiutazama. Nilifungua ubavu wa kompyuta. Waya mwekundu wa diski ulikuwa umepindishwa kupita nyuma ya feni, na kichwa chake kilikaa upande kama kofia iliyovaliwa haraka. Nilitoa waya mwingine kwenye kompyuta mbovu niliyokuwa nayo nyumbani, nikaufunga, na upandishaji ukapita mara moja. Mwalimu aliuomba ule waya mwekundu, akautundika ukutani karibu na kalenda.

Mistari ya 05 au C5 ikisoma zaidi ya sifuri na ikawa inapanda, acha. Usiendeshe chkdsk /r kwenye diski inayokufa kabla ya kutoa mafaili, maana ukaguzi huo unaipitisha diski nzima kwenye mazoezi ya saa nyingi, na diski dhaifu inaweza kukata roho humo. Ukisikia mlio wa tak-tak unaojirudia kutoka ndani, zima kompyuta papo hapo, usiiwashe tena kujaribu, na umpelekee mtaalamu wa kuokoa data kama yaliyomo yana thamani kwako.

RAM hukaguliwa kwa chombo cha Windows kiitwacho mdsched. Kompyuta ikiwa imechomolewa, toa kadi za RAM, sugua taratibu meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio safi cha penseli, pangusa vumbi la kifutio, uzirudishe mpaka zitoe mlio wa kujifunga. Zikiwa mbili, jaribu moja moja.

Joto lina alama yake: kompyuta inazimika ghafla kama taa, bila skrini ya bluu wala ujumbe. Safisha feni na mapezi ya kupozea, huku ukiizuia feni kwa kidole isizunguke unapoipuliza. Kama miaka mingi imepita, pesti ya prosesa imekauka na inahitaji kubadilishwa. Kisanduku cha umeme cha kompyuta ya mezani usikifungue, hata kikiwa kimechomolewa tangu jana, kwa sababu kapasita zake hubaki na chaji inayoweza kumdhuru mtu. Kikinuka kuungua, kinabadilishwa kizima.

Dalili ya nne: flashi haionekani wakati wa kuwasha

Flashi iwe ya GB 8 au zaidi, na iwe ya kweli. Zinazouzwa barabarani kwa bei ya kutupa zikiwa zimeandikwa GB 128 mara nyingi zina GB 8 au chini ya hapo ndani. Zinapokea data yote kwa uso mkunjufu kisha zinaipoteza nusu, na usakinishaji unakatika ukidai faili halipo. Programu ya H2testw inafichua udanganyifu huo kwa kuijaza flashi na kuisoma tena.

Kama flashi ni nzima, jaribu tundu jeusi la USB 2.0 badala ya lile la bluu, kwa sababu bodi nyingi kuukuu haziwaki kupitia la bluu. Orodha ya vya kuwashia hufunguka kwa F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi, na kwa F9 kwenye HP. Bado haionekani? Basi flashi na BIOS haziongei lugha moja: flashi iliyoandaliwa kwa UEFI haitaonekana na kompyuta iliyowekwa kwenye njia ya zamani, na kinyume chake. Rudi kwenye Rufus uchague mtindo unaolingana na kompyuta. Usifikirie kusasisha BIOS ili kutatua hili isipokuwa mtengenezaji anasema hivyo waziwazi, kwani umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo bodi kuu inaweza isiwake tena, na kuifufua kunahitaji kifaa maalumu cha fundi.

Dalili ya tano: imepanda, lakini inakwenda kama kobe

Ipe siku mbili. Baada ya kupanda, Windows huorodhesha mafaili upya, hupakua masasisho na draiva, na antivairasi yake hukagua kila kitu. Mambo haya hufanyika pamoja na huonekana kama ugonjwa.

Ukiona siku ya tatu bado Msimamizi wa Kazi anaonyesha diski ikiwa asilimia 100 ilhali prosesa imekaa kwenye 10, jibu liko wazi: ni diski ya sahani inayozunguka, na Windows za leo zimetengenezwa kwa kudhani SSD, diski ya kasi isiyo na sahani inayozunguka. Zipo makala nyingi zinazoelekeza kuzima huduma hii na ile, na nimewahi kuzifuata zote. Nafuu yake hudumu wiki. SSD ya GB 240 au 256 ndiyo tiba. Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu, usinunue RAM kwanza, nunua SSD, na ikibaki senti ndipo uongeze RAM kutoka GB 4 hadi 8. Diski ya zamani, ikiwa bado nzima, inaweza kuwekwa kwenye kikasha cha USB ikawa ya kutunzia nakala.

Dalili ya sita: skrini nyeusi, au bluu inayojirudia

Skrini nyeusi yenye mshale unaosogea mara nyingi ni draiva ya kioo. Bonyeza kwa pamoja Ctrl, kitufe cha Windows, Shift na B. Draiva itaanza upya na huenda picha ikarudi. Isiporudi, ilazimishe kompyuta kuzimika mara tatu wakati inawaka ili ifungue mazingira ya ukarabati, uingie Hali Salama, na uondoe draiva hiyo.

Skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE humtokea sana aliyebadilisha mpangilio wa diski kwenye BIOS kutoka IDE kwenda AHCI au kinyume chake, ama kwa makusudi, ama kwa sababu betri ya CR2032 ilikufa na BIOS ikasahau. Rudisha ulivyokuwa.

Dalili ya saba: hakuna Wi-Fi, hakuna sauti, printa imenuna

Kompyuta isiyo na mtandao haiwezi kupakua draiva ya mtandao, na hapa simu ndiyo mkombozi. Iunganishe kwa waya wa USB, washa kwenye simu mipangilio ya kugawa intaneti kwa USB, na Windows itaiona kama waya wa kawaida wa mtandao. Kisha fungua Sasisho la Windows na upande wa masasisho ya hiari, ambako draiva nyingi za Wi-Fi za zamani hupatikana. Printa ambayo mtengenezaji alitoa draiva ya biti 32 peke yake haitafufuka kwenye Windows 11.

Ukitaka kurudi ulikotoka

Windows huhifadhi mfumo wa zamani ndani ya folda iitwayo Windows.old kwa siku 10, na katika muda huo unaweza kurejea kupitia Mipangilio, sehemu ya Urejeshaji. Usiisafishe diski katika siku hizo kwa tamaa ya nafasi, kwa kuwa folda hiyo ni kubwa na ndiyo ya kwanza kupendekezwa ifutwe. Programu ulizosakinisha baada ya kupanda zitaondoka, kwa hiyo andika orodha yake kwanza. Na ikiwa kompyuta mpakato imeanza kuinuka upande wa kibodi au kipanya chake cha kugusa kimekuwa kigumu kubonyezeka, suala la kurudi au kutorudi lisubiri: betri imevimba, kompyuta izimwe na ichomolewe, isibanwe wala kutobolewa, na ipelekwe kwa fundi siku hiyo hiyo.